Msuli wa nyuma ya paja unaoumia kila kasi inapopanda

Mwalimu wa Michezo: Wakuu, habari za leo. Ninamfundisha kijana wa mita 100 na kuruka mbali ambaye msuli wa nyuma ya paja humshika kila anapofikia kasi ya juu, ingawa hunyanyua vyuma na kunyoosha viungo kila siku. Je, apunguze vyuma?

Kocha Mkongwe: Mwalimu, asipunguze, abadilishe namna. Msuli huo huumia zaidi pale mguu unaporushwa mbele na kukaribia kutua, kwa kuwa hapo hulazimika kuuzuia mguu huku wenyewe ukiwa umerefuka. Basi uimarishwe katika hali hiyohiyo. Apige magoti, mwenzake amshikilie vifundo vya miguu, kisha ashushe kiwiliwili mbele polepole bila kukunja kiuno, akijizuia mpaka mikono iguse chini. Aanze na marudio machache, maana maumivu ya siku za mwanzo si mchezo.

Mtaalamu wa Viungo: Ninakubaliana, ila aliyewahi kuumia yumo hatarini zaidi kuumia tena, kwa hiyo apimwe kwanza. Akishapona, asinyimwe mbio za kasi kwa kuogopa: apewe chache akiwa hajachoka, kasi ikipandishwa wiki hadi wiki.

Mwalimu wa Michezo: Ninashukuru. Na miruko?

Kocha Mkongwe: Miruko midogo ya miguu miwili kwenye nyasi kwanza, ya mguu mmoja isubiri.