Viwanda vilichangia nini hasa kwenye kuanza kwa reli Uingereza?

Mwl_Majengo (Moshi)
Wakuu, habari za leo. Notisi za historia zinasema "mapinduzi ya viwanda yalisababisha kukua kwa reli", zinaishia hapo. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanabana: njia za mbao za kusukumia vigari zilikuwepo migodini tangu zamani, injini ya mvuke ya Newcomen ilikuwepo tangu 1712, sasa mbona treni ya mvuke kwenye reli ya umma inakuja 1825? Karne nzima ilikuwa inasubiri nini? Na reli yetu ya Tanga–Moshi inaingia wapi?

Fundi_Njia (Arusha)
Mwalimu, shikamoo. Vijana wameuliza swali lenyewe hasa. Ilikuwa inasubiri chuma. Wengi wanaangalia injini, lakini kilichochelewesha zaidi ni njia.

Injini kwanza, kwa kifupi. Ya Newcomen ilikuwa pampu ya maji ya mgodini, kubwa kama jengo, inakula makaa ya mawe bila kiasi. James Watt aliiboresha (hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya 1769), ila silinda zilivuja mvuke mpaka mashine ya John Wilkinson ya kutoboa mitutu ya mizinga, ya 1774, ilipogeuziwa kazi ya silinda. Hataza ya Watt iliisha 1800. Februari 1804 Richard Trevithick, akitumia mvuke wa shinikizo kubwa ambao Watt aliuogopa, alivuta tani 10 za chuma na watu kama 70 huko Penydarren, Wales.

Injini ilifanya kazi, reli zikavunjika. Hapo ndipo pa kukaa na wanafunzi. Reli zilikuwa za chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), vipande vya futi 3 au 4. Chuma hicho kinavumilia kugandamizwa, hakivumilii kuvutwa wala kugongwa. Gurudumu likifika katikati ya egemeo mbili, tumbo la reli linavutika, ufa unaanzia chini, reli inakatika ghafla bila kupinda kwanza. Ukisema upunguze uzito wa injini, magurudumu yanateleza. Ndiyo maana mwaka 1812 John Blenkinsop, kwenye reli ya Middleton kule Leeds, aliweka meno ubavuni mwa reli na gurudumu la meno kwenye injini nyepesi. Ilivuta vizuri, ila kwa mwendo wa polepole.

Fundo lilifunguka 1820. John Birkinshaw wa Bedlington alipata hataza ya kupitisha chuma cha kufua (kinachopigwa kikiwa moto, si cha kumiminwa) kati ya roli, yaani magogo ya chuma yanayozunguka, na kutoa reli ya futi 15. Hiyo inapinda kidogo na kurudi, na viungo vinapungua. Kila kiungo ni mahali gurudumu linapogonga. Chuma cha kufua kwa wingi kilitokana na tanuru za Henry Cort (1784), na roli nyingi zilizungushwa kwa mvuke. Mvuke ulikuwa kiwandani unatengeneza reli kabla haujapanda juu yake.

Dada_Historia
Naongezea mzigo na fedha, maana chuma peke yake hakijengi reli.

Wakati wa vita na Napoleon bei ya lishe ya farasi ilipanda, na wenye migodi ndio waliokuwa na makaa mlangoni. Injini ikawa hesabu ya gharama tu. Stockton–Darlington (27 Septemba 1825) ilijengwa kwa ajili ya makaa. Liverpool–Manchester (15 Septemba 1830) ni pamba: marobota yanashuka bandarini, viwanda viko kilomita 50 ndani, na katikati kuna mifereji ambayo wenye nayo walitoza walivyotaka. Bunge lilikataa muswada wa reli hiyo 1825, likaupitisha 1826. Fedha zilitoka kwenye hisa, nyingi za wafanyabiashara wenyewe.

Kitu ambacho notisi huruka: waliikusudia mizigo, lakini miaka ya mwanzo abiria ndio walioingiza zaidi. Hilo ndilo lililowavuta wenye mitaji, hadi mwaka 1846 Bunge likapitisha sheria zaidi ya 250 za reli.

Mwl_Majengo (Moshi)
Asanteni sana. Naweza kuwapa hesabu ya darasani ya chuma kilichotumika?

Fundi_Njia (Arusha)
Unaweza. Reli za mwanzo za Liverpool–Manchester zilikuwa na uzito wa ratili 35 kwa yadi, yaani kilo 17 na kitu kwa mita. Njia moja ina reli mbili: kilomita moja ni tani 35. Njia zilikuwa mbili, ya kwenda na ya kurudi: tani 70. Zidisha kwa kilomita 50, unapata tani 3,500, bila kuhesabu viti vya reli (vishikizo vya chuma vinavyoibeba reli) na misumari. Halafu injini zikaongezeka uzito, reli hizo hazikudumu, zikabadilishwa kwa nzito zaidi ndani ya miaka michache. Hapo wanafunzi wataona jinsi reli ilivyorudi kuwa mteja mkubwa wa viwanda vilivyoizaa.

Kuhusu ya kwetu, usiifundishe kama tunda la viwanda vya hapa. Ilianza Tanga 1893, ikafika Moshi 1911, Arusha 1929. Reli na injini za awamu ya Wajerumani zilikuja kwa meli zikiwa tayari. Kilichosubiriwa upande wa pili ni mkonge na kahawa. Upana ni mita 1, si milimita 1,435 za Uingereza, kwa sababu njia nyembamba inakubali kona kali na kifusi kidogo. Mataruma (vipande vinavyolazwa chini ya reli) ya chuma yalipendelewa kwa sababu mchwa hula ya mbao.

Ukiwapeleka stesheni ya Moshi, ombeni ruhusa kwanza, kisha waangalie ubavu wa reli. Reli nyingi zina maandishi yaliyotokeza: kiwanda, mwaka, uzito. Wayanakili, warudi wakapige hesabu ileile kwa uzito watakaoukuta.