Bosi kafuta "Juma and me" akaweka "Juma and I", nani yuko sahihi?

Mwanaidi_TMK:
Habari za jioni wakuu. Nipo ofisi moja hapa Dar, leo nimeandaa imeili ya kwenda kwa mteja, nikaandika "Please send the invoice to Juma and me before Friday". Bosi akaipitia kabla haijatoka, akafuta me akaweka I, na akanambia mbele za watu kwamba "Juma and me" ni Kiingereza cha vijiweni, mtu aliyesoma anasema "Juma and I". Nikanyamaza maana mshahara bado haujaingia 😂 ila roho inakataa. Shuleni tulikaririshwa I, he, she, we, they ni za mtenda, na me, him, her, us, them ni za mtendwa, sasa hapo anayetuma ni mteja sio mimi. Au mkiwa wawili sheria inabadilika? Naombeni wanaojua.

Kapelo:
Bosi kachemka. Mtoe Juma hapo uone, "send the invoice to I"... nani anaongea hivyo? Basi hata Juma akirudi hali ni ile ile.

mwl_mstaafu:
Kapelo kamaliza, mimi niongezee tu kwa nini bosi kajichanganya, maana hili nimelisahihisha sana kwenye madaftari. Mtoto anasema "Me and Juma went to the shop", mwalimu anamkemea, sema "Juma and I", na hapo mwalimu yuko sawa kwa sababu wao ndio waliokwenda. Shida ni kwamba mtoto haondoki na sababu, anaondoka na woga wa me, akikua anapachika "and I" kila mahali akiamini ndo usomi wenyewe. Na sio sisi tu, wenye lugha yao wanajikwaa hapo hapo, Clinton kwenye kampeni ya urais Marekani mwaka 1992 aliomba wapiga kura "give Al Gore and I a chance", wakosoaji wa lugha wakamshukia, na huyo kapita Oxford na Yale. Kingine kinachosikika sana ni "between you and I". Inatakiwa "between you and me", kwa sababu baada ya to, for, with, from na between kinakaa kiwakilishi cha mtendwa.

Kadzo_254:
Sisi Waswahili tuna njia ya mkato. Kwetu mtenda anakaa mwanzo wa kitenzi, mtendwa anaingizwa katikati, nilimwona, aliniona. Ile "mimi" ya nje haibadiliki hata kidogo, mimi nilimwona, aliniona mimi, ndo maana masikio yetu hayashtuki mtu akikosea I na me. Kwa hivyo igeuze sentensi kwa Kiswahili halafu usikilize kitenzi. "Atutumie", hiyo "-tu-" iko katikati, basi ni us, na ukiwataja watu ni Juma and me. "Tutatuma", "tu-" iko mwanzo, ni we, yaani Juma and I. Imeisha.
Na ni mambo hayo hayo yanatuzalia ile "Me I think" ya huku Kenya, mtu kichwani ana "mimi naona" so anaziweka zote mbili lol. Ukipiga stori na marafiki haina noma lakini kwa barua ya kazi toa hiyo Me.

Gwiji wa Kona:
Mnamkaba bosi wa watu bure. Kiingereza chenyewe hakina msimamo, mbona ukigonga mlango ukiulizwa nani unajibu "It's me" na sio "It is I"? Na "taller than me" je, hiyo mtaitetea vipi?

mwl_mstaafu:
@Gwiji hizo ni kesi nyingine kabisa. "It is I" ndiyo ya vitabu vya sarufi vya zamani, ila leo ukijibu hivyo mlangoni watadhani umetoka kwenye maigizo. "Taller than me" kwenye maongezi inapita, kwenye maandishi rasmi malizia na kitenzi, "taller than I am", hakuna wa kukuuliza. Ila kuwa makini na "She likes Juma more than I do" na "She likes Juma more than me". Ya kwanza, yeye anampenda Juma kuliko mimi ninavyompenda huyo Juma. Ya pili, Juma anapendwa kuliko mimi. Ukizichanganya hizo na mkeo yupo hapo utajieleza mpaka asubuhi.

Mwanaidi_TMK:
😂😂 Asanteni sana. Sasa nikiandika "to Juma and myself" si nakuwa nimekwepa ugomvi? Naona mameneja wengi wanaandika hivyo.

Kapelo:
Hapana, hicho ni kichaka cha kujifichia. Myself ni ile -ji- yetu, nimejikata, I cut myself, aliyekata na aliyekatwa ni mtu mmoja. Hapo anayetuma ni mteja, hiyo myself inatokea wapi?

Kadzo_254:
Mwanaidi we andika "Please send the invoice to both of us", Juma muweke kwa CC. Hapo bosi atafuta nini?