Kijana anayekimbia sauti ya kutafuna: anaumwa au hana adabu?

Mama Rehani: Wana jamvi, naomba tujadili kwa utulivu. Mwanangu ana miaka 16, yuko kidato cha nne. Tangu darasa la sita hawezi kukaa karibu na mtu anayetafuna au kuvuta kamasi. Juzi babu yake alikuwa anakunywa chai ya moto kwa kuivuta. Kijana akakamata kitambaa cha meza kwa mikono miwili mpaka vikombe vikasogea, machozi yanamtoka, kisha akakimbilia nje. Babu anasema hajawahi kudharauliwa namna ile. Nimesoma kwamba hali hii inaitwa misofonia. Swali langu: watoto hawa wafikiriwe kwenye mitihani, kama wenye uoni hafifu wanavyopewa karatasi za maandishi makubwa? Au nimtie adabu yaishe?

Kigogo cha Mvule: Pole dada, lakini fimbo mbili zinatosha. Sisi tulikula sinia moja watu tisa, nani alikuwa na nafasi ya kusikiliza mwenzake anatafunaje? Nyie watu wa pwani mmezidi kudekeza watoto.

Binti Pangani: Kudekeza? Pwani mtoto anafundishwa kufumba mdomo akitafuna kabla hajaijua alifu. Huko kwenu mtu akifyonza mfupa, nyumba ya tatu wanajua leo kuna nyama.

Mnyalu: Binti, hapo umetukana watu wengi. Bibi yangu mzaa mama nikila kimya alikuwa ananiuliza chakula kina kasoro gani. Kwake sauti ndiyo ilikuwa asante.

Binti Pangani: Nimejibu nilichoanzwa. Mwambie Kigogo kwanza.

Nesi wa Zamu: Turudi kwa mama jamani. Jina hilo la misofonia walilitoa Jastreboff na mkewe huko Marekani mwaka 2001, walikuwa wanatibu watu wenye mlio masikioni. Mwaka 2017 Sukhbinder Kumar na wenzake wa Newcastle, Uingereza, walipiga picha ubongo wa watu 20 wenye hali hiyo na 22 wasio nayo, huku wakiwasikilizisha mvua, kilio cha mtoto, na sauti za kula na kupumua. Kwenye mvua hawakutofautiana. Kwenye kutafuna, wale 20 moyo ulienda mbio, jasho likawatoka, na sehemu ya ubongo iitwayo insula ikachachamaa. Huyo hajaamua kumdharau babu yake.

Kigogo cha Mvule: Watu 20? Kijiwe chetu cha kahawa kina zaidi ya hao. Na mbona akitafuna yeye mwenyewe hakimbii?

Nesi wa Zamu: Umeuliza la maana. Mwaka 2021 timu hiyohiyo ilikuta kwa watu hawa sehemu ya kusikia imeungana mno na ile inayoendesha mdomo na koo. Mwenzako anatafuna, wewe ni kama mdomo wako unachezeshwa na mtu mwingine. Wapo wanaomwigiza mtafunaji na kupata nafuu. Ukitafuna mwenyewe, mdomo ni wako.

Fundi Spana: Kigogo, hizo fimbo mimi nilizila. Baba alinichapa kwa kuziba masikio mezani. Nikajifunza kuchukua sahani yangu na kwenda kula jikoni, nimegeukia ukuta. Nina miaka 41 na bado nakula peke yangu. Baba alifariki 2019, na tangu nikiwa mdogo hatukuwahi kumaliza mlo pamoja. Usimwambie mama wa watu fimbo mbili zinatosha.

Mnyalu: Pole sana fundi. Nesi, dawa ipo?

Nesi wa Zamu: Ya kumeza hakuna iliyothibitishwa. Amsterdam, Uholanzi, walijaribu tiba ya mazungumzo kwa vikundi, miezi mitatu, watu 54. Waliotibiwa, asilimia 37 walipata nafuu ya kuonekana. Waliokuwa wanasubiri zamu, hakuna hata mmoja.

Kigogo cha Mvule: Fundi, sikujua. Pole. Lakini la chai siliachi. Chai ya moto isipovutwa inaunguza ulimi, na mzee hawezi kuonekana mkosaji nyumbani kwake kwa kunywa chai.

Binti Pangani: Mimina kwenye kisosi ipoe! Na la watu wa pwani hujaliombea radhi.

Kigogo cha Mvule: Kisosi ni cha watoto.

Binti Pangani: Marehemu babu yangu alinywea kisosi mpaka miaka 80. Naye alikuwa mtoto?

Mama Rehani: Nawashukuru wote, hasa fundi. Nimemsomea babu maneno yako, akanyamaza muda mrefu. Jana jioni aliwasha redio mwenyewe, akaiweka kati yake na mjukuu. Kijana alimaliza andazi zima, mguu unamtetemeka chini ya meza, lakini alikaa. Ila ukumbi wa mtihani hauna redio. Novemba atakaa na wenzake themanini, nusu yao wana mafua, kimya kwa muda wa saa tatu. Hilo hamjanijibu. Naanzia kwa mkuu wa shule au kwa daktari, na niende na karatasi gani mkononi?

Mnyalu: Anza kwa daktari, kesho. Kigogo na Binti, hameni na kisosi chenu.