Kupima umbo la glasi kwa kamera, kingo hazishiki

fundi_glasi
Wakuu habari za kazi. Kiwandani kwetu tunatengeneza glasi za kunywea, kimo mm 120, mdomo 80, ukaguzi bado ni wa macho na venia (kipimio cha mkono) na zilizopinda zinapita. Nimefunga kamera kwenye mkanda, paneli kubwa ya LED nyuma, kamera mbele kama sm 30, programu naandika kwa Python na OpenCV (maktaba ya kuchambua picha). Sasa kingo hazishiki, upande mmoja unatoka mwingine unapotea, na glasi ileile ukiipitisha mara mbili vipimo vinapishana karibu milimita nzima. Nihamie kwenye AI au?

taa_kwanza
AI iache kwanza mkuu, tatizo ni mwanga. Kioo cha pembeni kinapinda mwanga sana, kwa hiyo pale ukingoni kamera haioni kilicho nyuma yake, inaona cha kando kabisa, na paneli ikiwa pana hicho cha kando nacho kinawaka, basi ukingo unang'aa sawa na nyuma yake na programu haina cha kushika. Chukua karatasi nyeusi uzibe paneli, bakiza dirisha kubwa kidogo tu kuliko glasi. Kingo zitageuka nyeusi tii hapo hapo.

pikseli_moja
Naongezea hapo kwenye milimita. Sm 30 ni karibu mno, glasi ikisogea mm 3 tu kuja mbele picha inakua 1%, kwa mdomo wa 80 hiyo ni 0.8 na ndiyo hiyo inayokusumbua. Dawa yenyewe ni lenzi ya telesentriki, ile ambayo kitu kikisogea mbele au nyuma picha haikui wala kupungua, ila lazima iwe pana kuliko kitu unachopima, kwa glasi zako bei itakuumiza. Rudisha kamera hadi mita 1.2 na lenzi ndefu, unabaki na 0.2. Afu angalia shata, yaani muda kamera inaoachia mwanga uingie, mkanda ukienda mm 500 kwa sekunde, shata ya milisekunde 1 ina maana glasi imesogea nusu milimita ndani ya picha moja, kwa hiyo weka taa ya flashi fupi.

fundi_glasi
Asanteni sana, karatasi nyeusi nimeweka na kingo zimetoka kama zimechorwa kwa kalamu. Na kujua kama mdomo ni duara kweli, kamera mbili kwa digrii 90 zinatosha?

mama_mitambo
Hazitoshi kaka. Mdomo ukiwa umbo la yai na ule urefu wake ukaangukia digrii 45, katikati ya kamera zako, zote mbili zinasoma upana uleule na glasi inapita. Weka tatu kwa digrii 60, au izungushe nusu duara mbele ya kamera moja ukiwa unapiga picha, nusu inatosha. AI itakufaa kwenye mapovu na mawe (vipande visivyoyeyuka) ndani ya kioo, vipimo viache kwenye hesabu ili ukikataa glasi uonyeshe namba. Na kila shifti ikianza pitisha kwanza silinda ya chuma iliyochongwa kwa lethi, kipenyo unachokijua, ikisoma tofauti simamisha mkanda urekebishe kamera kabla hujakataa hata glasi moja.