Mikindani: bandari ya zamani ilikuwa wapi hasa?

Mjukuu wa Baharia
Habari za jioni ndugu zangu. Jumamosi nashuka Mtwara kwa mambo ya korosho, nitapata muda wa kuzunguka Mikindani. Marehemu babu alikuwa baharia wa jahazi, akipakia pale. Mimi nikipita barabarani naona Boma na magofu tu. Bandari yenyewe ilikuwa wapi, na ilikufaje?

Mzawa wa Mikindani
Usianzie Boma. Wajerumani walilijenga 1895, sasa ni hoteli, wageni wote wanapelekwa huko. Wewe shuka ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Utakuta tope limekwenda mbali na ngalawa zimelala ubavu. Bandari ndiyo hiyo. Jahazi lilingoja maji yajae ndipo liingie, yakitoka linakaa juu ya tope, makuli wanashusha mzigo mabegani. Meli kubwa haiwezi hivyo. Waingereza walipoleta mpango wa kulima karanga kwa mashamba makubwa, 1947, walitaka bandari ya kina kirefu, wakaipata Mtwara, kama kilomita 10 tu kutoka hapa. Karanga zilishindwa, reli waliyoijenga kwenda mashamba ya Nachingwea ikang'olewa, lakini gati likabaki na kazi zote zikahamia huko.

Ukitoka ufukweni ingia vichochoroni. Tafuta ukuta uliobanduka chokaa: ndani ni matumbawe, na kwa juu boriti za mikoko zimetokeza vichwa, nyingine zimeliwa na mchwa. Nyumba ya bibi mzaa mama ilikuwa hivyo. Dari ilianguka masika moja. Kabla ya hapo mjomba alikuwa ameshauza mlango wa nakshi kwa mtu wa kupita, tukapigilia mabati. Bibi alikuwa akipapasa yale mabati kila akiingia. Inaniuma mpaka leo.

Mama Samaki
Naongeza kidogo, mwanangu. Hayo unayoita magofu watu wanalala humo. Piga hodi kwanza, picha baadaye. Ukikuta wazee barazani, wasalimie na uwatajie jina la babu yako.

Mjukuu wa Baharia
Shikamoo mama, asante. Kaka, umenigusa. Babu alipokuwa kitandani, tukimwambia twende hospitali, alijibu, "Tungoje maji." Tulidhani anaweweseka. Jumamosi yanakupwa saa ngapi?

Mzawa wa Mikindani
Ni bamvua, maji yanajaa na kutoka kupita kawaida. Saa nne na nusu asubuhi yatakuwa yametoka kabisa. Nitakuwa pale kwenye ngalawa.