Mrejesho: SMS sasa zinaingia

Wadau, asanteni sana. Niliuliza kwa nini simu yangu ya Android inatuma SMS lakini haipokei, hata zile za M-Pesa za malipo ya wateja, nami nauza nguo soko la Gikomba, Nairobi.

Aliyeniambia nijaribu laini kwenye simu nyingine alinifaa mno: huko zikaingia, kumbe shida si laini. Kuzima na kuwasha hakukusaidia. Kilichofanya kazi ni ushauri wa nafasi: hifadhi ilikuwa imejaa pomoni, na simu ikijaa hivyo hukataa SMS mpya. Nilifuta video za magrupu ya WhatsApp, SMS zikaanza kumiminika nikiwa kwenye matatu.

Za zamani nyingi hazijarudi, kwani mtandao huzishikilia kwa muda tu. Malipo ya SMS hizo zilizopotea nimeyahakiki kwa taarifa ya M-Pesa. Mungu awabariki.