Tupeane uzoefu: uliona mwanga usioeleweka angani usiku, wenye magwanda wakaja kuuliza?

Mwana wa Mporoto: Wakuu, nimesoma habari za Blue Book, mradi wa jeshi la anga la Marekani wa kuchunguza vitu visivyoeleweka angani, 1952 mpaka 1969, walipokea ripoti 12,618 na 701 zikabaki bila maelezo. Nikakumbuka ya huku kwetu. Aliyeona aweke hapa, tusichekane.

Mama Viazi: Makete tumeona wengi tukanyamaza.

Dereva Fuso: Hili nimekaa nalo miaka. Tumepakia viazi Kitulo tunashuka Isyonje saa nane usiku, baridi ile mnaijua, mimi na utingo, ukungu ukafunguka tukaona mwanga mweupe umesimama juu ya bonde, haupepesi, hauna mlio, nikazima gari nisikilize, kimya hata chura halii, mara ukaanza kuja, vivuli vya miti vinatembea barabarani kama mtu anapita na karabai, utingo kajikunja chini anamwita mama yake, mikono yangu imekufa kwenye usukani, ukafika juu yetu ukazimika. Siku ya pili jamaa wawili wenye magwanda wakanikuta sokoni Uyole na daftari, wakauliza rangi, ulitokea upande gani, kama redio ilikwaruza, na kweli ilikwaruza! Waliniuliza kwa adabu, lakini mpaka leo hakuna aliyerudi kuniambia ulikuwa nini. Utingo aliacha kazi, yuko Njombe na parachichi zake.

Mama Viazi: Mungu wangu 😳

Mwalimu Iringa: Pole kaka, ila hiyo ni sayari ya Zuhura.

Kijana wa Mbalizi: Mwalimu, Zuhura haiachani na jua, utaiona jioni au alfajiri, saa nane usiku unaitoa wapi?

Mwalimu Iringa: Basi kimondo. Hata kile cha Mbozi kilitoka hukohuko juu.

Kijana wa Mbalizi: Kimondo kinasimama juu ya bonde?? Uingereza Desemba 1980, msitu wa Rendlesham, wanajeshi wa Marekani wenyewe waliona mianga, naibu mkuu wa kambi Charles Halt akaingia msituni na kinasa sauti na kipima mionzi. Nao waliona Zuhura?

Mwalimu Iringa: Wapo waliochunguza wakasema walichoona ni mnara wa taa wa meli wa Orfordness. Na wizara ya ulinzi kule ilisema hakuna tishio kwa usalama.

Kijana wa Mbalizi: Kusema hakuna tishio siyo kusema ni nini. Dereva anadai jibu, siyo ulinzi.

Ngosi wa Tukuyu: Ukiuona usizime injini, kanyaga mafuta.

Mama Viazi: Simama usali kwanza, mafuta baadaye.

Fundi Makambako: Rekodi na simu, milima ionekane chini, bila hivyo hata wenye magwanda hawana pa kuanzia. Zikiwa taa nyingi kwenye mstari mmoja baada ya magharibi hizo ni setilaiti za Starlink, msihangaike.

Mwana wa Mporoto: Dereva, redio ilikuwa stesheni gani?

Dereva Fuso: Siyo stesheni mkuu, ilikuwa kaseti.

Mwalimu Iringa: Kaseti nayo inakwaruza, hedi ikiwa chafu.

Dereva Fuso: Mwalimu, njoo Uyole nikupakie twende usiku.